Maneno Arobaini ya Kichina

Jumatatu, 9 Juni 2025
Tangazo limebandikwa getini. Kiwanda chetu cha nyavu, hapa Nyakato, kinatafuta mkalimani wa Kichina. Mkalimani Ngosha! Ofisi, kiti cha kuzunguka, na kwaheri mashine. Nimeshakariri maneno arobaini kwenye simu, yote ya kazi. Bosi, mimi mchapakazi. Bosi, nawahi kila siku. Mpinzani sina. Labda Gladness wa jikoni, ambaye mwaka wa pili huu anamuuliza Bwana Liu, msimamizi wetu, majina ya mboga na habari za kwao. Umbea mtupu!

Alhamisi, 12 Juni
Masikini Bwana Liu. Mama yake amefariki huko Uchina na hawezi kuwahi mazishi. Mashine zimezimwa. Tumepanga mabenchi nje ya chumba chake, tumekaa naye kama kwenye msiba wowote. Kajiinamia tangu asubuhi, hajala.

Meneja alikuwepo. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamshika Bwana Liu mkono, nikatamka Kichina kwa sauti: Bosi, mimi mchapakazi, nawahi kila siku. Ndicho nilichokuwa nacho! Gladness akaninong'oneza, Ngosha, kaa chini.

Kisha akachuchumaa yeye, akamuuliza jambo taratibu, kwa Kichina. Bwana Liu akainua kichwa. Akalia. Akaongea mpaka chai ikapoa, Gladness akiitikia. Baadaye nikamuuliza kamwambia nini. Eti amemuuliza mama aliitwa nani, na alikuwa akimpikia nini. Basi! Miaka mitano mtu yuko nasi, na hakuna aliyewahi kumuuliza hayo. Nikafuta macho. Nikasingizia vumbi.

Jumatatu, 16 Juni
Kazi kapewa Gladness. Wala hakuomba! Nikamlalamikia kwamba mimi nimesoma kwa bidii. Akanijibu kwa upole kwamba kwa mtu hupigi hodi siku ya shida yako tu.

Jumatano, 18 Juni
Nimemwelewa vizuri sana. Nafasi ya msaidizi wa mkalimani bado iko wazi. Nimekariri pole zote za Kichina, na "aliitwa nani" naitamka bila kigugumizi. Nimeulizia kiutu uzima: baba yake Bwana Liu yu hai, ana miaka themanini na tatu, kifua kinamsumbua.

Mungu anisamehe. Safari hii Bwana Liu atanikuta tayari.