Kihispania cha Joash Kinyozi

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimeanza Kihispania. Mwalimu ni spika ya duka langu la kinyozi hapa Kendu Bay. Nyimbo za mapenzi za Amerika Kusini, asubuhi hadi jioni. Yawa, lugha gani hii! Sielewi kitu na bado machozi yananilengalenga. Tayari nina maneno manne, yote kutoka kwa intaneti. Corazón, moyo. Amor, mapenzi. Sin ti, bila wewe. Me muero, nakufa. Mtu anahitaji nini zaidi?

Valary, kiongozi wa kwaya yetu, amekosana na Dishon muuza samaki tangu Pasaka. Nafasi ni sasa. Dishon ana pikipiki na friza. Mimi nitakuwa na Kihispania.

Jumatano, 4 Juni

Nilifumba macho kwenye kiitikio. Mteja amepoteza nyusi moja. Kelele nyingi kwa nyusi moja!

Valary alipita. Nikamwambia sin ti, me muero. Akauliza kama ninaumwa. Nikasema hiyo ni salamu ya Kihispania. Akapiga makofi. Kumbe Jumapili kanisa lina mgeni kutoka Kolombia, asiyejua hata Kiingereza, na mkalimani wake amelazwa Nairobi! Akanishika mkono, akasema nimetumwa na Mungu. Nilikubali kabla hajamaliza.

Jumamosi, 7 Juni

Nimefika maneno kumi na kitu. Yote ya kulia. Sijapata hata moja la kumkaribisha mtu kiti. 

Jumapili, 8 Juni

Nimetoka kanisani sasa hivi.

Mgeni, mzee mfupi, alisimama mbele. Nikasimama kando yake kama mkalimani wa kanisa letu anavyopaswa: mhubiri akipaza sauti, unapaza, akirusha mikono, unarusha. Akaongea dakika nzima. Sikutambua neno hata moja. Valary ananitazama. Nikapaza sauti: Moyo wangu unavuja damu! Kanisa likajibu amina.

Akasimamisha vidole viwili juu ya kichwa. Nikasimamisha vyangu. Mapenzi ni taji! Akainama, akaanza kuvuta kitu kisichoonekana, mkono huu, mkono ule, taratibu. Nikavuta. Upendo unanikamua! Bila wewe nakufa!

Akina mama wakaangua kilio. Mchungaji Mayaka akavua miwani. Mgeni kuona machozi, naye akalia. Nikalia. Sijawahi kuona kitu kama hiki maishani mwangu. Maneno manne tu, na kanisa zima limelowa!

Na Valary? Alitoka mbio, leso usoni. Nimeshinda.

Jumatatu, 9 Juni

Mgeni ameondoka. Lori limeleta zawadi yake kwa kanisa: mbuzi wa maziwa, kundi zima. Nikatazama pembe zao. Nikatazama viwele vyao. Nikakaa chini.

Mchungaji Mayaka anasema huyu mgeni ni mtakatifu, hakutaja mbuzi hata mara moja. Nikasema ni mnyenyekevu mno.

Jumanne, 10 Juni

Valary amekuja dukani. Kwenye pikipiki. Ya Dishon! Anasema maneno yangu ya Jumapili yalimchoma, akakimbia moja kwa moja hadi kwa Dishon kumsamehe. Harusi ni Agosti. Dishon akanikumbatia kwa nguvu, harufu ya samaki mbuta tupu. Walipoondoka nilijifungia nikalia. Nampenda yule msichana, na nimemwoza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jioni nikaitwa kanisani. Hakuna anayejua kutunza mbuzi hawa. Mchungaji anaamini mgeni aliniachia maelekezo, maana ni mimi tu niliyemwelewa. Niwafundishe Jumamosi. Nilifungua mdomo nikiri kila kitu.

Hapo akaingia Lynnet, katibu wa kikundi kipya cha mbuzi, akivuta jike moja kwa kamba. Sijawahi kuona kamba ikishikwa kwa upole namna hiyo. Yule mbuzi akalia kwa uchungu. Lynnet akauliza, je, mbuzi huyu anasema nini?

Nikamwambia anasema bila wewe nakufa.

Lynnet amefuta chozi. Jumamosi nafundisha.