Malalamiko ya Marehemu wa Nyahanga Aliye Hai

Kwa Ndugu Theonest,
Mwenyekiti, Umoja wa Wana-Kahama Waishio Denmark (wanachama saba).

Mdogo wangu mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, na maneno hayo naomba uwasomee wajumbe wako mara mbili. Ningekueleza kwa simu, lakini kwenye simu unalia tu na hunipi nafasi. Tangu vurugu za uchaguzi zianze mabasi yamesimama, na binti yangu Sesilia amekwama Geita alikokwenda kuuza mchele. Simu yake haipatikani. Kwa hiyo yangu ikilia naikimbilia nikidhani ni yeye, kumbe ni wewe wa Denmark unauliza kama niko hai. Naomba uache kupiga. Sababu ni hizi:

1. Umeacha adabu. Zamani ulianza na "Shikamoo, kaka." Sasa unaanza na "Kaka, bado mpo?" Mimi huitikia "Marahaba" hivyo hivyo, ili ujue ulichoruka.

2. Moshi. Sikatai, matairi yalichomwa barabara kuu. Niliyaona kwa macho yangu, nikakimbia mpaka nikaacha ndala moja. Lakini ile picha mnayoonyeshana huko mkisema Nyahanga yote imeteketea, kwa jinsi ulivyonieleza, ni tanuru la matofali la jirani yetu Amosi. Amosi amesikia kwamba anajulikana Ulaya, na sasa anajiita mwekezaji.

3. Mliniomboleza. Mliwasha mishumaa mbele ya picha yangu, na katika picha zote mkachagua ile niliyofumba macho kwa vumbi la mashine ya kukoboa. Mjumbe wenu mmoja akampigia shangazi yake hapa mtaani kumpa pole. Shangazi akapiga yowe, nzengo nzima ya majirani ikakusanyika. Wewe umezaliwa hapa, unajua: jirani asiyefika kwenye msiba wa nzengo hutozwa faini. Walifika wote, na kuni na unga. Nilipotoka chooni nikamkuta Mama Eunice keshagaragara uani. Nikamwambia mimi nipo. Akanijibu kwa upole, "Baba Sesilia, tuache tumalize, maji yameshachemka." Walimla jogoo wangu, mimi nikapewa shingo kwa kuwa si mgeni.

4. Unasema kuna mama wa kizungu kanisani kwenu amenifumia sweta la ukimbizini. Sweta, Kahama!

5. Kwa kuwa Umoja wako umeshaniita marehemu, nami sipendi kubishana na wasomi, basi nimekubali. Ila kwa mila zetu mdogo hurithi mizigo ya kaka yake. Kuanzia leo mikutano ya wazazi shuleni ni yako. Zamu yangu ya kulinda mtaa usiku na sungusungu ni yako. Na mama mkwe wangu, aliyekuja msibani na begi kubwa na hajaondoka, ni wako pia. Nimemwonyesha Denmark kwenye ramani, akauliza kama ugali unapatikana.

Kwa hiyo chagua: ama mnifufue rasmi, mbele ya watu wale wale, ama umpokee mama mkwe.

Nisalimie shemeji, watoto, wajumbe wote, na huyo mama wa sweta. Mwambie ana moyo mzuri. Barua hii anakuja nayo Herman, anayesafiri kuja huko kwenu, barabara zikifunguka.

Ni mimi niliye hai,
Kaka yako Bartholomeo,
Nyahanga, Kahama.

N.B. Hilo la kuacha kupiga, sahau. Hapa intaneti imezimwa na redio inapiga kwaya tu. Habari za Geita mnazo ninyi mlio mbali, sisi tulio jirani hatuna hata moja. Jana ulitaka kuniambia jambo nikakukatia simu kwa hasira, na tangu hapo mama yake Sesilia hanisemeshi. Barua itachelewa, kwa hiyo nakubipu sasa hivi. Zitazame tena picha zenu zote, mdogo wangu, hata zile za uongo, uniambie kama umemwona mtoto.