Minyoo ya Ba Chola Kichwani Kwangu

Leo kijiji kizima cha Kabuta kimenicheka. Hata mbuzi wa pasta alisimama kuangalia.

Tuanze asubuhi. Bwana wa ofisi ya maji alitoka Nchelenge kuja kupima kijito chetu, kile tunateka maji ya kunywa. Ni mimi nililalamika ofisini mpaka bakachoka na mimi. Sababu? Ba Chola. Ni jirani yetu; naandika jina lake, asome. Sisi wote tunalobeka mihogo ndani ya maji mpaka ilainike, donc si dhambi. Lakini kijiji kilikubaliana: kuteka ni juu, kulobeka ni chini. Ba Chola analobeka juu! Sisi huku tunakunywa mchuzi wake. Bajukuu yangu banaharisha, banapona, banaharisha tena. (Nilikimbia vita Congo nikapona. Sasa niuliwe na mihogo?)

Bon. Bwana wa maji akaingia na wavu mudogo, akakoroga matope, akamwaga ndani ya sahani nyeupe. Akatuelezea: vidudu ndivyo vinaonyesha afya ya kijito. Maji safi iko na vyake, maji chafu iko na minyoo myekundu. Lakini nani alimuonyesha mahali pa kupima? Ba Chola mwenyewe! Alimupeleka juu kabisa, karibu na daraja, pale maji haijafika kwa mihogo yake. Sahani ikatoka safi.

"Bamayo, mama yangu, unaona?" Ba Chola anacheka meno yote inje. "Maji haina kitu. Ni ulimi yako ndiyo iko na kitu."

Bana Mutale, shemeji yake, anaongeza: "Awe, hapana, mumuache, ni uzee!" (Uzee! Yeye alishazaa nikiwa bado naruka kamba.)

Bwana wa maji akaanza kufunga vitu vyake. Akienda vile, basi, mchuzi tutakunywa mpaka kaburini.

"Ngoja, bwana! Mihogo iko hapa, ndani ya matete, juu ya pale tunateka!"

Nikapandisha kitenge, nikaingia. Muguu wa kwanza, muzuri. Muguu wa pili ukakanyaga gunia aliloficha chini ya majani. Gunia likapasuka. Mimi huyo, chubwi!

Nikatokea na mihogo iliyooza kichwani, masikioni, ndani ya blauzi. Harufu, Mungu wangu! Batu banagaragara kwa kucheka. Bana Mutale anashika mbavu. Najaribu kusimama, nateleza, naketi juu ya gunia lingine.

Ndipo Ba Chola akajisahau.

"Toka juu ya mihogo yangu! Unaniharibia mihogo!"

Batu bakamugeukia.

(Asante, Ba Chola, umejitaja mwenyewe.)

Bwana wa maji akamuangalia yeye. Akaniangalia mimi. Akachukua kibanio chake.

"Mama, usitikisike."

Akaanza kutoa minyoo myekundu ndani ya nywele zangu, moja moja, mbele ya batu wote, anaweka ndani ya sahani. Na mimi nimekaa pale kama mutoto anayesukwa! Kazi iliyoshinda wavu wake, kichwa changu kikaiweza.

Saa hii naandika, Ba Chola anabeba magunia yake kuyapeleka chini, chifu anamusimamia. Maji ya mihogo inamuvuja shingoni. Mimi nimeoga, nimeoga tena, naketi mulangoni namuangalia akipita. Bado nanuka. Furaha pia bado.

Mucheke basi. Lakini kesho mukiteka maji safi, musisahau ilichujwa na nywele za nani.