Koti la Kijeshi la Babu

Leo kifungo cha koti kimenivua nguo mbele ya walimu ishirini.

Mnajua namalizia mafunzo ya ualimu wa historia hapa Birmingham. Leo ilikuwa zamu yangu kuwafundisha wenzangu, mkaguzi kakaa nyuma na kalamu yake. Nikifaulu, napata cheti. Nikishindwa, narudia muhula mzima. Mada: askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma kwenye Vita Kuu ya Pili, na jinsi ya kuwafundisha watoto kuhakiki picha za zamani. (Kuhakiki! Likumbukeni neno hilo.)

Mimi na maringo yangu, nikachukua nakala ya picha ya babu mzaa mama. Kasimama wima, koti la kijeshi, medali mbili kifuani. Imetundikwa sebuleni kwetu Tanga tangu sijazaliwa. Nikaikuza, nikaibandika ukutani, kubwa kama mlango. Nikamwalika na Mzee Salehe, anayeishi kwa binti yake mtaa wa Alum Rock, hapa hapa mjini. Huyo Burma alikwenda kweli, na goti lake moja halikunjiki mpaka leo.

Nikaanza. "Huyu ni babu yangu. Shujaa." Dada mmoja aliyekaa mbele akatoa kitambaa, akafuta macho. Nikakiona cheti hiki hapa!

Mzee Salehe akainuka, akajikokota mpaka pua ikakaribia kugusa picha.

"Mjukuu wangu, babu yako alipiga wapi picha hii?"

"Kambini, babu."

"Kambini kuna pazia la maua?"

Pazia la maua! Miaka yote hiyo sijaliona. Na mzee hakuishia hapo. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa bahasha, na ndani yake picha yake mwenyewe ya ujana. Pazia lile lile. Koti lile lile. Kifungo cha tatu kutoka juu hakipo, picha zote mbili.

"Hili koti la mpiga picha, pale Tanga," akasema kwa Kiingereza, makusudi, kila mtu asikie. (Siku zote huniambia Kiingereza kimempotea!) "Mimi jeshi lilichukua sare yake nilipotoka, nikaliazima hili. Wauza samaki nao waliliazima. Medali zimeshonewa humo humo."

Darasa zima likaangua kicheko. Yule dada wa kitambaa ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mapumziko ya chai nikakwangua kadi ya simu, nikampigia mama.

"Mama, babu alikuwa askari?"

"Askari wa wapi? Alikuwa fundi baiskeli."

"Na ile picha?"

"Alipenda kupendeza."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Ulituuliza? Si wewe ndiye mwalimu wa historia?"

Nikarudi ndani nimenuna. Mkaguzi akanikabidhi karatasi yake. Nimefaulu. Kaandika kwamba hajapata kuona mwalimu akionyesha vizuri namna hii hatari ya kuamini picha bila kuihakiki. Anadhani nilipanga! Nikamshukuru, nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni. (Nyinyi mngefanyaje?) Sasa anataka nilirudie somo wiki ijayo, mbele ya walimu wa jiji zima, na mzee awepo. Mzee keshakubali, tena kwa furaha.

Naomba msinicheke. Mama kapiga sasa hivi, sauti imejaa bashasha: kafungua sanduku, kapata picha nyingine ya babu, kavaa sare ya rubani.