Achari Iliyoongezeka Yenyewe Kwenye Friji

Jumapili, 3 Agosti

Mama mkwe kafika jana. Kabla hajavua viatu keshambeba Bosi, akampimapima kwa mikono kama mtu anayechagua kuku, akaniuliza mtoto huyu anakula nini. Nikasema anakula vizuri. Bosi akasema hali. Ana miaka mitatu na nusu, bado hajajifunza kumnyamazia mama yake.

Ukweli ni kwamba Bosi hali bila achari ya baga. Ile ya dukani, ya kijani, yenye vipande vya matango na utamu kwa mbali. Nilianza kumpakia kwenye baga, akaitaka kwenye yai, kwenye wali, hata kwenye ndizi mbivu. Mwezi uliopita ikaadimika. Tangu hapo sahani zinarudi jikoni kama zilivyotoka. Anarudi kutoka kucheza kwa Mama Pacha, mlango wa pili, anakaa mezani kwangu na kunitazama kama mgeni aliyekwisha kula kwake.

Mama mkwe hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema kwa upole, "Mwanangu, wewe bado mdogo, na mtoto wa kwanza ni mtihani. Ijumaa si mnakwenda kliniki? Kilo zikiwa zimeshuka, Jumamosi naondoka naye. Akae kwangu mpaka ajaejae."

Nikamtazama Baba Bosi aseme neno. Akasema chai imepoa.

Bosi anakoroma kama mzee mwenye ng'ombe wengi. Nyumba isiyo na mkoromo ule nitakaa ndani yake nifanye nini?

Nimeamua. Achari haipo dukani, basi nitaipika.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekwenda dukani na chupa yenyewe. Muuza duka anasema kampuni imekata mguu, haionekani. Akanishauri nimpe tomato ya chupa, eti watoto hawajui tofauti. Huyu hamjui Bosi.

Tukasoma karatasi ya chupa pamoja. Matango, siki, sukari, haradali, viungo. Viungo gani? Wamenyamaza. Halafu kuna herufi E na tarakimu nyuma yake, kama namba ya gari. Nikamuuliza kama anauza E. Akapanda kigoda, akatafuta rafu ya juu, akasema imeisha juzi.

Nimenunua vingine vyote.

Bahati nzuri, chini ya chupa kulibaki achari kidogo, kama kijiko kimoja. Nimeikwangua nikaitia kwenye kopo dogo, nikalificha kwenye friji nyuma ya mayai. Huo ndio mfano. Fundi cherehani humpelekei maneno, unampelekea gauni la mfano. Nami nitapika kwa kufuata mfano.

Jumanne, 5 Agosti

Jaribio la kwanza. Nimekwaruza matango, nikayachemsha na siki na sukari. Sikujua kwamba ndani ya tango kuna kisima. Imekuwa supu. Chungu, chachu, na macho yanawasha. Nimeitia kwenye chupa nikaiweka kwenye friji, pengine baridi itaitia adabu.

Mama Pacha kachungulia dirishani akauliza kama leo nasafisha vioo, maana siki imefika mpaka kwake. Nikasema ndiyo. Basi ikabidi nisafishe vioo.

Bosi karudi kutoka kwake na punje za wali kidevuni. Wale pacha wa jirani, tangu warudi kutoka kwa shangazi yao mwezi uliopita, kazi yao ni kuchezea chakula na kupakana. Mama mtu anawatazama tu. Nimemwosha, nikampa achari kwenye kijiko. Kaigusa kwa ncha ya ulimi, kampa mdoli.

Jioni mama mkwe kapanga friji na kabati. Ni mtu wa mpango. Hawezi kuona vyombo viwili vyenye kitu kimoja, lazima avikutanishe. Sukari zangu mbili keshazifanya moja, chumvi vilevile. Anasema vyombo vya nusunusu huleta ufukara. Nilimshukuru.

Jumatano, 6 Agosti

Sielewi. Kopo la mfano, nililoliacha na kijiko kimoja, leo limejaa mpaka shingoni.

Achari yangu ya jana nayo haipo. Chupa yake imeoshwa, imepinduliwa. Nadhani Baba Bosi kaila, maana jana alikunywa maji kupita kiasi.

Yeye ni fundi wa mafriji, kwa hiyo nikamuuliza kitaalamu: kitu kinaweza kuongezeka ndani ya friji? Alikuwa anatazama mpira. Kasema baridi huvimbisha, ndiyo maana chupa za soda hupasuka. Fundi akisema, mimi nani?

Nimefurahi. Sasa mfano ninao wa kutosha. Nimeuonja. Chachu kuliko nilivyokumbuka, tena majimaji, na macho yanawasha kidogo. Kumbe ndivyo ilivyokuwa siku zote, mimi nilikuwa naikumbuka kwa mapenzi.

Jaribio la pili lakini nilikuwa nimekwishalianza asubuhi. Matango niliyatia chumvi, nikayakamua kwa kitambaa mpaka yakaomba radhi. Kitunguu, haradali, sukari, na bizari ya manjano kwa ajili ya rangi. Bosi alisaidia kukoroga kwa mikono yote miwili. Sasa ana vidole vya manjano, mdoli ana uso wa manjano, na paka wa watu kapita akaondoka na mkia wa manjano.

Mama mkwe kaonja, akalamba kijiko, akarudi na mkate. Baba Bosi kala hadi akazima mpira. Lakini nilipoilinganisha na mfano, wapi! Nzito mno, tamu mno, haiwashi macho hata kidogo. Jaribio limeshindwa.

Bakuli zima nimempelekea Mama Pacha, liwe adhabu ya maneno ya vioo. Kalirudisha tupu kabla ya magharibi, akauliza kama ipo nyingine. Kuna watu Mungu hakuwapa ulimi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeweza.

Nilifuata mfano hatua kwa hatua. Sikukamua matango. Nilizidisha siki. Nikachemsha mpaka ikawa majimaji kama yenyewe. Kisha nikamfunga Baba Bosi kitambaa machoni, nikamlisha kijiko cha mfano na kijiko cha yangu, nikamuuliza ipi ni ipi. Alikohoa kwa zote mbili. Kasema hazina tofauti na ameniomba nisimfunge tena kitambaa.

Nikaitia kwenye chupa ya kampuni, yenye karatasi yake, ili Bosi asishtuke. Nikampikia baga. Nikaikandamiza vizuri, achari ikatoka pembeni kama kwenye picha.

Bosi akanusa. Akatazama chupa, akanitazama mimi. Akasema, "Hii ya mama." Halafu akanipapasa shavu akasema pole, akauliza kama anaweza kwenda kwa pacha.

Sielewi. Ladha ni ileile, chupa ni ileile, mtoto ni yuleyule.

Nilipoingia chumbani nikamkuta mama mkwe anakunja vigauni vya Bosi. Hakuvitia kwenye begi. Alikuwa anakunja tu, kimoja juu ya kingine. Nikatoka nikaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Mpango wa kesho upo. Mizani haina macho.

Ijumaa, 8 Agosti

Nilimvika Bosi sweta, suruali mbili, na viazi viwili mfukoni. Mama mkwe aliuliza kama mtoto ana homa. Nikasema kliniki kuna upepo.

Nesi kasema mtoto avuliwe. Nikasema anaona haya. Bosi akavua mwenyewe. Viazi vikabingirika mpaka miguuni pa akina mama kwenye benchi. Mmoja akaokota, akauliza ni vya nani. Nikatazama dari. Bosi akasema, "Vya mama, lakini nabeba mimi."

Nesi akaona vidole vya manjano. Akamvuta karibu, akamfunua macho, akamtazama ulimi, akaniuliza mtoto amekuwa hivi tangu lini. Nikasema tangu Jumatano, ni bizari. Mama mkwe akafunika uso kwa khanga.

Kisha mizani. Nikafumba macho. Nilisikia nesi akigonga mizani kwa ukucha, akamshusha Bosi, akampandisha tena. Nikasema moyoni basi, ameshuka mpaka mizani haimwoni.

Amepanda. Karibu kilo nzima tangu mwezi uliopita.

Mama mkwe hakuamini, akatafuta miwani akaja kusoma mwenyewe. Nesi akaniuliza namlisha nini. Nikasema achari. Akasema niendelee na chakula, achari nipunguze. Sikusikia mengine, nilikuwa nimemkumbatia Bosi na viazi vyote viwili.

Tuliporudi nyumbani, Mama Pacha alikuwa anatungoja mlangoni. Kamwambia mama mkwe kwamba mtoto huyu kila mchana anakula kwake sahani mbili, wali na maharage, kwa kushindana na pacha, wala haulizi achari wala nini. "Siku hizi nampikia kabisa, mama. Nimemhesabu na wangu. Nilidhani mwajua." Mama mkwe kamshika mikono yote miwili, kamshukuru, kisha kacheka mpaka akaketi kizingitini.

Mimi nilielewa mara moja. Ameonja achari yangu, ameona mtoto kanenepa, sasa anataka sehemu ya sifa. Mwenye wivu hakosi hadithi. Nikatabasamu.

Jioni mama mkwe kaniambia kitu kingine. Eti Jumanne aliona achari kwenye chupa na achari kwenye kopo, akaimimina ya chupa kwenye kopo. Nikaosha vyombo nikilifikiria jambo hilo, tangu chombo cha kwanza mpaka cha mwisho. Mwishowe nikaona ni ushahidi mzuri. Zimelala kopo moja siku tatu, wala hakuna aliyeweza kuzitenganisha. Basi ni kitu kimoja.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama mkwe kaondoka. Peke yake. Vigauni kaviacha juu ya kitanda, vimekunjwa vizuri kuliko vilivyowahi kukunjwa.

Kwenye kituo cha basi kanivuta sikio kidogo, kama mtoto wake wa kuzaa. "Mwanangu, mtoto hashibi chakula, anashiba wenzake. Mwache ale kule, na wale waje kula kwako. Usijitese na machupa." Nikasema ndiyo mama, nimesikia. Mzee ukimkubalia husafiri kwa amani.

Nilipokuwa narudi, muuza duka akaniita kwa mbali. Kampuni imeleta. Nikanunua, nikafungua palepale, nikaonja kwa kidole. Aibu! Nzito, tamu, vipande vikavu, haiwashi macho. Nikamwambia wameiharibu, hiyo siyo achari waliyokuwa wanatengeneza. Akaonja naye, akasema mbona ni ileile. Nikamwonea huruma. Nimempa Baba Bosi, kaimaliza nusu kwa mkate kavu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepiga hesabu. Kama achari aliyoigusa kwa ncha ya ulimi imempandisha karibu kilo, je, akiila kijiko kizima? Mwezi ujao nesi ataleta mizani kubwa zaidi.

Tatizo ni moja tu, naliona wazi sasa: Bosi anakuja mezani bila njaa, kwa sababu ya michezo. Kwa hiyo kuanzia leo hakuna kwenda kwa Mama Pacha kabla ya kula. Pacha wamekuja mchana na vijiko vyao mkononi, wamegonga mlango, wakamwita. Nimewaambia Bosi anakula.

Amekaa mbele ya sahani, midomo imebanwa, mdoli kamlaza kifudifudi. Sahani haijaguswa na jua linazama.

Nimeongeza siki.