Jiwe Kinywani mwa Paka wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe kasafiri, katuachia paka wake, Sultani, hadi Jumamosi. Adhabu! Lakini leo kapiga mwayo, nami nimeona. Jiwe! Limeota kwenye jino la nyuma, rangi ya kahawia, ukubwa wa punje ya dengu. Jirani yangu fundi cherehani alitolewa gazetini kwa boga lake kubwa, na tangu siku hiyo hanisalimii mpaka nimwanze mimi. Sasa zamu yangu. Mke wangu kasema nimpeleke paka kwa daktari wa mifugo. Hana maono, maskini.

Jumanne, 4 Machi
Ulinzi umeanza. Jiwe lisivunjike kabla ya mpigapicha kufika! Samaki marufuku, mifupa marufuku. Sultani atakunywa maziwa tu. Kanikwaruza mkono. Nimepiga simu gazetini, wakauliza kama linalizidi boga. Nimesema bado linakua.

Jumatano, 5 Machi
Fundi kaja bila kualikwa, futi shingoni. Kapima. Milimita nne. Kacheka mpaka kashikilia geti. Eti hata paka wake analo. Mwenye wivu ajinyonge!

Alhamisi, 6 Machi
Sultani hagusi hata maziwa. Kajikunja chini ya kabati, udenda unamtoka. Mke wangu kaniambia wazi: mama yake akimkuta paka hivi, nitafukuzwa nihamie kwa huyo fundi. Niliogopa kwelikweli. Tukaenda kwa daktari.

Daktari akachungulia, akasema ni ukoga tu, uchafu wa meno uliogandamana ukawa jiwe, na ufizi umevimba kwa sababu yake. Kabla sijamzuia, koleo! Tak! Umaarufu wangu ukaanguka kwenye sinia. Jioni Sultani kala samaki mzima. Hana shukrani.

Pale pale kwake nilimlalamikia daktari kwa uchungu. Akanisogezea taa mdomoni. Akasema jiwe langu ni kubwa kuliko la paka, nyuma ya meno ya chini, nimwone daktari wa meno haraka. Mke wangu alicheka njia nzima.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe kaja, kamkuta Sultani mzima, kanishukuru. Kasema kumbe nina utu. Mke wangu kanyamaza, Mungu ambariki. Kaniwekea miadi kwa daktari wa meno Jumatatu saa tatu, na kaninunulia mswaki mpya.

Nimejifungia bafuni na kioo, na futi niliyoazima kwa fundi. Milimita kumi na moja! Mswaki nimeuficha nyuma ya tangi. Gazetini wamesema watanipigia. Kuanzia leo, maziwa tu.