Modemu Yangu na Kilima cha Manyovu

Jumatatu, 8 Julai 2013

Nimepigwa butwaa. Nimeanza kufungua ukurasa wa maombi ya chuo baada ya vipindi, na mpaka kuku wanarudi bandani umefunguka nusu. Nusu ya juu. Nembo ya chuo na neno "Karibu". Baada ya hapo modemu ikapiga, ikapiga, ikasema muunganisho umekatika. Nikaiambia ipige tena. Ikapiga. Ikakatika.

Jambo lenyewe si la mchezo. Mke wangu Valeria ni muuguzi wa zahanati ya hapa Makere, ngazi ya cheti. Anataka stashahada. Amesubiri ruhusa ya masomo miaka minne na mwaka huu ameipata. Chuo kiko Songea, maombi yanatumwa kwa mtandao tu, mwisho Ijumaa hii saa sita kamili mchana. Akikosa, ruhusa anapewa mwingine.

Valeria kasema kwa upole kwamba tungempelekea Athuman. Huyo ana steshenari pale senta, na modemu kama yangu, hata rangi ni ileile. Nikamwambia mimi mume wake bado niko hai. Athuman ndiye aliyewatangazia watu barazani kwake kwamba Mwalimu Castory alihangaika na modemu wiki mbili nzima kabla ya kugundua hajaiwekea laini. Uongo mtupu. Ilikuwa wiki moja na siku tano.

Jumanne, 9 Julai

Isack, mwalimu wa Hisabati, kaniambia sufuria hukusanya mtandao. Mtu wa Hisabati hawezi kusema ovyo. Nikachukua sufuria kubwa ya Valeria, ile aliyopewa na shangazi zake siku ya harusi, nikafunga modemu ndani yake, nikaifunga sufuria kwenye mwanzi mrefu na kupanda nayo juu ya bati. Waya wa kurefushia ukapitia dirishani. Valeria akabaki ndani na laptopu ili anisomee kasi.

Nikaielekeza Kasulu. Akasema moja. Nikaielekeza kwenye mnara. Akasema sifuri! Mnara wenyewe, unaonekana kwa macho, sifuri. Nikaielekeza Nyarugusu, akasema tatu, kisha tano. Machozi yakanilengalenga. Hapo ukaja upepo na sufuria ikaruka hadi kwenye zizi la mbuzi wa jirani. Modemu salama. Mbuzi salama, ingawa wawili hawajala tangu saa hiyo.

Sufuria imebonyea. Valeria aliiokota, akaitazama ndani, akaenda nayo kuiosha. Afadhali angegomba.

Jumatano, 10 Julai

Shuleni kwetu simu hushika vizuri mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya vyoo vya wanafunzi. Kina utaratibu wake. Anapanda Mkuu wa Shule, halafu walimu kwa kufuata mwaka wa ajira, na aliyepanda huongea mpaka atosheke. Mkubwa haharakishwi. Mimi ni wa saba. Leo wa tatu alikuwa anaongea na mama mkwe wake.

Nikatumia akili. Nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kuna gari la wakaguzi limeingia getini. Kichuguu kikabaki wazi. Walimu sita walikimbia kwa kasi ambayo sijapata kuiona kwenye michezo ya walimu. Nikapanda na laptopu, modemu ikapiga mara moja tu ikashika, nikajaza jina la Valeria na tarehe yake ya kuzaliwa. Dakika sita za neema.

Kisha Mkuu wa Shule, Mwalimu Asnath, akarudi. Akauliza nani kasema kuna wakaguzi. Wote wakanigeukia kwa pamoja, bila hata kufikiri. Nimeshangaa sana kwamba wenzangu wananiona mtu wa namna hiyo. Nimeshushwa mpaka mwisho wa foleni. Niko nyuma ya mpishi.

Jioni Valeria kachelewa kurudi kutoka kazini, na karudi mchangamfu. Alisimama chini akaniita, ana neno. Nilikuwa juu ya bati na waya mdomoni. Nikamwonyesha kwa mkono asubiri. Nilipomaliza alikuwa amelala.

Alhamisi, 11 Julai

Isack tena. Kasema kwao Manyovu, kwenye kilima cha juu ya soko, simu hujaa vijiti vyote vitano hata ukiishika kwa mguu. Nimemsamehe ile sufuria.

Nikamwomba Mkuu ruhusa ya kesho, nikamwambia nakwenda kukagua miinuko kwa ajili ya somo langu la Jiografia. Karidhia papo hapo! Kaniagiza ndizi mbivu tu. Isack atanishikia kipindi changu cha Kidato cha Pili, ambacho nilikuwa nimekiandaa vizuri: kwa nini nchi hazilingani saa.

Valeria kaanza kusema, "Mume wangu, hayo maombi…" Nikainua mkono. Nikamwambia mwanamume akishaamua safari hakatizwi. Akaenda kunikaangia karanga za njiani. Nimefurahi kwamba ananiamini.

Ijumaa, 12 Julai

Naandika nikiwa stendi ya Kasulu.

Niliondoka kukiwa na giza, Valeria bado kalala. Bodaboda hadi Kasulu, kisha gari dogo la abiria hadi Manyovu. Isack alinihesabia saa nne za njiani. Nafika kileleni, simu inasema nimetumia saa tatu tu. Nikamsifu dereva moyoni. Saa yangu ya mkononi ilikufa zamani, na laptopu yangu kila ikiwashwa hudai ni Januari 2002, kwa hiyo simu ndiyo ninayoitegemea.

Vijiti vitano! Modemu ikashika kabla sijakaa. Ujumbe ukaingia kwenye simu kunikaribisha Burundi. Nikaufuta, haya matangazo yamezidi. Nikatazama saa: tatu na nusu. Muda tele. Basi nikashuka sokoni, nikanunua ndizi za Mkuu, nikanywa chai na mandazi mawili, nikapiga soga na mbadilisha fedha mmoja aitwaye Ndihokubwayo, mtu mstaarabu. Nikamweleza habari za Athuman zote, tangu mwanzo. Akasikitika.

Nikapanda tena saa nne na nusu. Sikuwa na haraka. Nikajaza shule alizosoma Valeria, nikapakia vyeti, nikahakiki mara mbili kama ninavyowafundisha wanafunzi. Saa tano na dakika sita nikabonyeza "Tuma". Ukurasa ukafunguka mzima, kwa mara ya kwanza wiki hii, mwekundu: "Muda wa maombi umekwisha."

Nilishuka mbio kumwonyesha Ndihokubwayo. Nikamwambia chuo kimeniibia saa nzima. Akaitazama simu yangu, akaniuliza taratibu, "Mwalimu, huku ukifika husogezi saa mbele?" Akanieleza kwamba kilima kile hushika mnara wa ng'ambo, na Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Hapo Manyovu hata mtoto anayeuza karanga anajua. Saa yake ya mkononi ilisema sita na robo.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia. Muda huohuo Isack alikuwa amesimama mbele ya Kidato cha Pili na andalio langu la somo.

Miaka minne ya Valeria nimeinywea chai. Sijui nitaingiaje nyumbani. Ndizi nimezisahau garini.

Jumamosi, 13 Julai

Jana niliingia nikiwa na maelezo matatu tayari: mnara uliungua, laptopu iliibiwa, mpaka ulifungwa. Nilipomwona kainama kwenye jiko la mkaa, yote yakanitoka. Nikasema ukweli. Nikasema nimemharibia maisha. Nililia, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Valeria akafunika chungu. Akasema maombi yalishakwenda tangu Jumatano.

Alipitia kwa Athuman akitoka kazini. Athuman kafunga, hajanywa hata maji, na alimaliza kabla Valeria hajapata pa kuweka mkoba. Modemu yake iko dirishani tu. Haina sufuria, haina mwanzi. Hata risiti ya chuo ipo, kaichapa na kuiweka kwenye bahasha.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Kasema Jumatano nilikuwa juu ya bati, Alhamisi niliinua mkono, na Ijumaa aliamka akakuta nafasi yangu imepoa. Kisha kasema jambo moja zaidi, bila hasira. Kasema aliona afadhali nisijue, kwa sababu ningejua ningeyafungua upya nihakikishe Athuman hakukosea.

Nimelifikiria neno hilo usiku kucha. Ni kweli, ningeyafungua. Na mtu mwangalifu ndivyo afanyavyo.

Jumatano, 2 Oktoba 2013

Valeria kaondoka leo. Amepata nafasi, jina lake lilikuwa la tisa kwenye orodha. Nimemsindikiza hadi Kasulu. Nilimwambia avae sweta, nilimwambia asikae dirishani, na basi lilipong'oa nanga nikakimbia pembeni yake mpaka kwenye kituo cha mafuta kumwambia mambo ambayo nilishamwambia. Miaka miwili. Nimerudi nyumbani, nimepika ugali wa watu wawili kwa kusahau. Nimeshtuka jinsi nyumba ilivyo kubwa.

Lakini njia ipo. Kuna mwalimu anaitwa Tharsisi, mzaliwa wa Kibondo, anafundisha Songea mjini na anataka kurudi karibu na mama yake. Yuko tayari tubadilishane vituo. Mwalimu Asnath kasaini fomu yangu haraka kuliko nilivyotarajia. Imebaki kuituma kwa barua pepe kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri. Tharsisi kasema wazi kwamba wanaotaka nafasi yake ni wengi, na nikichelewa anamchukua anayefuata.

Athuman alikuwepo stendi, alikuja kupokea karatasi zake kutoka Kigoma. Alimuaga Valeria vizuri. Basi lilipopotea akanijia na kuniambia pole, nyumba bila mke ni kazi. Kasema kasikia habari ya Tharsisi, na kama fomu ninayo mkononi nimpe, ataituma leo hii, ni kazi ya dakika tano, wala hataki kitu.

Fomu nilikuwa nayo mfukoni. Nikamshukuru kwa heshima zote. Nikamwambia asihangaike, nina modemu.